FAHARI YA FUNDI NA KIBURI CHA MOYO

Somo hili ni la wakatekumeni wanaoishi kwa kazi ya mikono yao: wanaolima, wanaofinyanga vyungu, wanaofua chuma, wanaosuka mikeka, wanaojenga nyumba. Wote wamekwisha kujifunza ya kuwa kiburi ni cha kwanza katika vilema vikubwa saba. Basi, baadhi yao huingiwa na shaka. Mtu akiitazama kazi yake jioni, akaona ni njema, akafurahi moyoni, je, ametenda dhambi? Imempasa kuikimbia furaha hiyo, au yafaa aipokee? Shaka hii si ndogo, kwa maana asiyeijibu vema aweza kuharibu kazi yake akidhani anaiponya roho yake.

I. MFANO WA TANURU YA MATOFALI

Katika kijiji kimoja karibu na ziwa Tanganika palikuwa na kijana mkatekumeni, mfyatua matofali. Wazee wa kijiji walitaka kujenga chumba cha shule kwa matofali ya kuchoma, kwa sababu chumba cha kwanza, cha miti na udongo, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Wakamwita kijana huyo, wakapatana naye matofali 3,000, na malipo kwa kila tofali zima litakalotoka tanuruni.

Kijana alianza kazi kwa uangalifu. Alichagua udongo wake kwa kuubana mkononi, kwa maana mchanga ukizidi tofali hubomoka, na ufinyanzi ukizidi tofali hupasuka likikauka. Aliuloweka, akaukanyaga kwa miguu, akatoa mizizi na vijiwe, akauacha ulale usiku mmoja. Kila mara aliilowesha kalibu ya mbao na kuinyunyizia mchanga, akautupa udongo ndani kwa nguvu ili pembe zote zijae, kisha akausawazisha kwa ubao. Matofali mabichi aliyafunika kwa majani makavu, kwa sababu jua kali hulikausha tofali upesi juu na kuliacha bichi ndani, nalo hupata nyufa.

Jioni ya siku ya nne alisimama mbali kidogo, akaitazama mistari yake. Ilikuwa imenyoka kama uzi uliovutwa. Akafurahi. Mkatekumeni mwenzake aliyekuwa akipita njiani akamwona, akamwambia: «Ndugu yangu, jihadhari. Unasimama kujipendeza kwa kazi yako. Mwalimu hakutufundisha juu ya kiburi?»

Maneno hayo yalimchoma. Usiku huo kijana hakulala vema. Kesho yake alifanya kazi kwa haraka, bila kujali pembe wala kuondoa vijiwe, akifikiri hivyo ndivyo kujinyenyekeza. Saa sita akapita mzee mmoja mwashi, aliyekuwa amejenga nyumba nyingi katika nchi ile. Akaokota tofali moja bichi, akaligeuza mara mbili, akauliza:

«Mwanangu, jana ulikuwa ukifyatua wewe, au alikuwa mtu mwingine?»

«Nilikuwa mimi, Baba.»

«Na leo umepatwa na nini?»

Kijana akamweleza yote. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema: «Mwanangu, nani watakaa chini ya ukuta huu?»

«Watoto wa kijiji, Baba.»

«Basi, unyenyekevu wako huu utawaangukia wao vichwani.»

Kijana akaona haya, akayarudisha matofali ya siku ile katika shimo la udongo, akayakanyaga upya. Lakini shaka haikumtoka. Akaenda kwa katekista, akamwuliza: «Mwalimu, nikifurahia kazi yangu, nina kiburi au sina?» Katekista, ambaye alimjua vema, akamjibu: «Endelea kufanya kazi njema. Siku moja kazi yenyewe itakuonyesha lililo moyoni mwako.»

Matofali yalipokauka, kijana akayapanga kuwa tanuru, akaacha midomo ya moto chini, akaipaka tope nje ili joto lisitoroke. Siku ya kwanza akawasha moto mdogo, uondoe maji yaliyobaki ndani ya matofali, kwa maana moto mkali ukitangulia maji hugeuka mvuke na kuyapasua. Moshi mweupe ulipokwisha, akazidisha kuni, akakesha usiku kucha. Lakini usiku wa tatu, karibu na mapambazuko, usingizi ukamshinda. Alipoamka, moto wa mdomo mmoja ulikuwa umefifia. Akaongeza kuni upesi. Hakuna mtu aliyeona.

Baada ya siku kadhaa tanuru ikapoa, ikafunguliwa. Watu wakaja kutazama, wakamsifu sana, kwa sababu matofali yalikuwa mekundu na mazuri. Walipokwenda zao, kijana akaanza kuyagonga moja moja, tofali kwa tofali. Yaliyoiva yalilia kama kengele. Lakini yale ya upande wa ule mdomo mmoja yalitoa sauti butu, kama mti uliooza. Akayahesabu: yalikuwa 400.

Ndipo majaribu yalipoanza. Kwa macho, matofali yale yalifanana sana na mengine. Yakiwekwa katikati ya ukuta na kufunikwa kwa chokaa, nani angeyajua? Malipo yalikuwa kwa kila tofali zima, na yale yalikuwa mazima. Tena kijiji chote kilikuwa kimekwisha kumsifu. Angesimamaje sasa mbele yao kusema kwamba alilala? Lakini kila alipofumba macho aliona ukuta wa shule, na maji ya masika yakipenya ndani yake.

Asubuhi akawaita wazee. Mbele yao akagonga tofali lililoiva na tofali lisiloiva, wakasikia tofauti. Akayatia yote mawili katika ndoo ya maji. Baada ya muda akayatoa, akalisugua lile lisiloiva kwa kidole, likawa tope. Akasema: «Wazee wangu, 400 hazifai. Nililala, moto ukafifia. Msinilipe kwa hizo. Nitafyatua nyingine, na hizi nitazirudisha motoni pamoja nazo.»

Baadhi ya watu walicheka, hata yule mwenzake. Mzee mwashi hakucheka. Naye katekista akamchukua kijana kando, akamwambia: «Uliniuliza kama una kiburi. Leo umepata jibu. Kiburi kingaliyaficha matofali haya ili jina lako lisiguswe. Wewe umekubali jina lako liguswe ili ukuta usimame. Hiyo si dhambi, mwanangu. Hiyo ni fahari ya fundi, nayo ni njema.»

II. WALA SHABA WA KATANGA

Wasidhani wakatekumeni kwamba fahari hii ililetwa na wageni. Mababu waliijua kabla ya misioni ya kwanza kufunguliwa, na ushahidi wake umo katika ardhi ya Katanga.

Karibu na ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wataalamu walichimba makaburi ya kale katika mwaka 1957 na 1958. Wakaona ya kuwa watu wa nchi ile, karne nyingi zilizopita, walizikwa pamoja na vyungu vizuri na mapambo ya shaba yaliyofuliwa kwa ustadi. Katika makaburi ya nyakati za baadaye vilionekana vipande vidogo vya shaba vyenye mikono minne, kama herufi X. Watu wamezoea kuviita misalaba ya Katanga, ingawa umbo hilo halikutoka katika msalaba wa Yezu Kristu. Lilikuwapo kabla ya Injili kuhubiriwa huko.

Jambo la kutazamwa ni hili: kadiri miaka ilivyopita, vipande hivyo vilizidi kufanana kwa umbo na kwa kipimo. Ndiyo sababu wataalamu hufikiri kwamba vilitumika kama fedha. Na fedha haiwezi kuwa fedha watu wasipoiamini. Aliyepokea kipande cha shaba mbali na tanuru hakumwona aliyekiyeyusha. Aliamini tu ya kuwa shaba ni shaba, na kipimo ni kipimo.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Katika mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini wa Katanga, alichapisha maandiko juu ya wafua shaba hao, akawaita «wala shaba». Kazi yao ilifanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Watu walikusanya mawe ya kijani yenye shaba ndani yake, wakachoma makaa ya miti migumu, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo hustahimili moto. Kisha wakavuta mivukuto bila kuchoka, maana shaba haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 1,080. Mvukuto ukisimama, jiwe hubaki jiwe. Shaba iliyopatikana ilisafishwa tena kwa moto, ikamiminwa katika umbo lililochorwa mchangani. Wayeke, watu wa mwami Msiri aliyekaa Bunkeya mpaka kufa kwake katika mwaka 1891, walijua pia kuivuta shaba iwe uzi mwembamba wa bangili.

Majina ya mafundi wengi wa kale yamesahauliwa. Kazi yao haikusahauliwa. Shaba waliyoisafisha yashikwa mkononi hata leo, nayo yasema kweli juu yao. Wazee wa Kiswahili walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

III. MAFUNDISHO

Basi fahari ya kazi na kiburi vyatofautianaje? Ziko alama tatu za kuvitenganisha.

Alama ya kwanza: fahari huitazama kazi, kiburi huwatazama watu. Fundi mwema hujiuliza: «Ukuta huu umenyoka? Utadumu?» Mwenye kiburi hujiuliza: «Wananionaje? Nimempita fulani?» Katika Injili ya Mtakatifu Luka, Farisayo aliyesali hekaluni hakukosa kwa kuwa alifunga na kutoa zaka, alikosa kwa kuwa alijipima kwa kumdharau mtoza ushuru aliyesimama nyuma yake. Vivyo hivyo na mfinyanzi. Akisema, «Chungu hiki hakivuji,» amesema kweli ya chungu. Akisema, «Mimi si kama mama yule ambaye vyungu vyake huvuja,» amekwisha kuacha chungu na kumkanyaga jirani.

Alama ya pili: fahari hulifunua kosa, kiburi hulificha. Hii ndiyo alama iliyo hakika kuliko zote. Ampendaye mgonjwa huonyesha kidonda ili kipate dawa. Vivyo hivyo aipendaye kazi huonyesha ufa ili uzibwe. Mwenye kiburi haipendi kazi, bali hujipenda mwenyewe ndani ya kazi. Kwa hiyo hupaka ufa chokaa. Mtu akitaka kujua moyo wake una nini, asijichunguze siku anaposifiwa tu. Ajichunguze siku anapoona kosa ambalo hakuna mwingine aliyeliona.

Alama ya tatu: fahari hushukuru, kiburi husahau. Hakuna fundi aliyeiumba mikono yake mwenyewe. Alifundishwa na baba au mjomba. Wanawake walimchotea maji. Wengine walimkatia kuni. Na udongo, na shaba, na akili ya kuvitumia, vyote vyatoka kwa Mungu. Anayekumbuka hayo aweza kufurahi sana bila hatari, kwa maana furaha yake hugeuka kuwa sala.

Wala Maandiko Matakatifu hayaikatazi furaha hii. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu mwenyewe aliyatazama aliyoyaumba na kuona kwamba ni mema sana. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu alimwita fundi mmoja kwa jina lake, Besaleli wa kabila la Yuda, akamjaza roho ya ustadi wa kufua dhahabu, fedha na shaba, kuchonga vito na miti, kwa ajili ya hema takatifu. Akampa na msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani. Ustadi wa mikono umehesabiwa hapo kuwa zawadi ya Roho wa Mungu. Naye Yezu Kristu, kabla ya kuhubiri, alijulikana Nazareti kama fundi seremala, mlezi wake Mtakatifu Yozefu akiwa fundi vilevile. Ndiyo sababu Baba Mtakatifu Pio XII, katika mwaka 1955, aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yozefu Mfanyakazi.

IV. KAZI ISIYOONEKANA

Mtu aweza kusema: «Mafundisho haya yafaa mafundi wakubwa, mimi ni mkulima tu.» Sivyo. Kazi ndogo ya nyumbani nayo ina tofali lake lililofichika.

Mfano ni muhogo mchungu. Ndani yake mna sumu, nayo hutoka kwa kulowekwa majini siku za kutosha, kwa kawaida tatu, na kwa kuanikwa vema. Wakati wa njaa, au soko linapoita, wako wanaoutoa majini baada ya usiku mmoja. Unga wake ni mweupe kama unga mwingine, na macho ya mnunuzi hayatambui lolote. Lakini watu walao muhogo wa namna hiyo siku nyingi, bila nyama wala samaki wala maharagwe, waweza kupatwa na konzo, ugonjwa ulioonekana mahali pengi katika Kongo. Huwashika hasa watoto na wanawake, huilemaza miguu ghafula, na kilema hicho hakiponi.

Mama anayeuacha muhogo majini mpaka siku yake itimie, ingawa wenzake wamekwisha kwenda sokoni, hasifiwi na mtu. Hakuna anayeiona siku ya tatu ndani ya unga. Lakini siku hiyo imo, na mtoto wa mtu mwingine hutembea kwa sababu yake. Jioni, mama huyo akiutazama unga wake na kufurahi, asiogope. Amshukuru Mungu, akalale kwa amani.

Jambo moja lakini lishikwe. Fahari ya kazi isimfanye mtu kuwa mkali kwa wanaojifunza. Mzee mwashi hakumpiga kijana wala kumwaibisha mbele ya watu. Alimwuliza swali, akamwachia nafasi ya kuona. Fundi anayedharau mwanafunzi wake amekwisha kuvuka mpaka na kuingia katika kiburi, hata kama ukuta wake umenyoka.

V. MASWALI NA MAJIBU

1. Je, ni dhambi kufurahia kazi iliyofanywa vema?
— Hapana. Si dhambi, ikiwa mtu aifurahia kwa sababu ni njema na yawafaa wenzake, akimshukuru Mungu aliyempa nguvu na akili.

2. Furaha hiyo hugeuka lini kuwa kiburi?
— Hugeuka kiburi mtu anapotafuta kuwapita na kuwadharau wengine, anapoficha makosa yake ili asifiwe, na anaposahau kwamba alipewa.

3. Je, ni unyenyekevu kufanya kazi hafifu kwa makusudi?
— Hapana. Huo ni udanganyifu na kumdhulumu jirani. Unyenyekevu ni kusema kweli: kilicho chema ni chema, na kilicho kibaya ni kibaya.

4. Imempasa nini mtu aliyeona kosa katika kazi yake?
— Imempasa kulisema kwa mwenye kazi, na kulitengeneza kadiri awezavyo, hata kama malipo yake yatapungua.

5. Nani aiona kazi iliyofichika?
— Mungu aiona. Tena jirani huitegemea, hata asipoiona.

KAZI YA JUMA HILI

Kila mkatekumeni achague kazi moja aliyozoea kuifanya kwa haraka: kufunga kamba za paa, kupalilia mistari ya mwisho wa shamba, kuosha mtungi wa maji kwa ndani. Aifanye juma hili lote kama itakavyotazamwa na mtu anayeijua sana. Siku ya mafundisho aje aseme mbele ya katekista, si jinsi alivyosifiwa, bali kosa gani aliliona na jinsi alivyolitengeneza.

YA KUSHIKA MOYONI

Kiburi hulinda jina. Fahari njema hulinda kazi na wale watakaoitumia. Chumba cha shule cha mfano huu kilijengwa kwa matofali 3,000 yenye kulia kama kengele. Watoto walioketi ndani yake hawakujua ya kuwa 400 kati yake yalipita motoni mara ya pili, au yalifyatuliwa upya. Walijua tu kwamba, mvua ilipoanza kunyesha, ukuta ulisimama, nao wakaendelea kusoma.